Mkanda Unalia, Nyie Mnaongeza Redio?

Ile kelele ya asubuhi chini ya boneti mhariri wetu aliisikia kwa wiki tatu nzima. Ikamuumbua njiani kwenda Mugeta, siku ya kumpeleka mchumba nyumbani. Soma yaliyomkuta, kisha mchukue mwenzako mkafungue boneti.

Basi bwana, ilikuwa Desemba 2017. Mimi na mchumba wangu, ambaye siku hizi ni baba watoto wangu, tulikuwa tunatoka Mwanza kwenda kwetu Mugeta, wilaya ya Bunda, mkoani Mara. Haikuwa safari ya kula bata. Alikuwa anakwenda kujitambulisha rasmi kwa wazazi, na mshenga wake alikaa kiti cha nyuma, suti imenyooka, amekumbatia mfuko wa zawadi. Wazee wa ukoo waliambiwa wageni wanafika saa nane mchana. Mbuzi ameshachinjwa.

Gari lilikuwa Toyota IST, mali yake, alilinunua mwaka mmoja kabla. Kwa wiki tatu lilikuwa limeanza tabia mpya. Ukiliwasha asubuhi linapiga ukelele mwembamba, dakika mbili tatu, halafu kimya. Nilimuuliza siku ya kwanza, "Mbona gari linalia?" Akanijibu, "Baridi tu hiyo, likipata moto linaacha." Na kweli lilikuwa linaacha. Siku ambayo halikuacha mapema aliongeza sauti ya redio, mimi nikacheka, tukaenda zetu kazini.

Wiki ya safari alimpitia fundi mmoja wa mtaani. Fundi akafungua boneti, akachukua kipande cha sabuni ya mche, akausugua mkanda huku injini inaunguruma. Kelele ikakata palepale. Tukamlipa hela ya soda, tukajiona wajanja.

Tulipita Magu, tukapita Lamadi. Pale Ndabaka, kwenye lango la Serengeti, tuliwaona nyumbu na pundamilia karibu kabisa na lami, tukapiga picha za kutosha. AC imefunguliwa hadi mwisho, maana jua la kule si mchezo. Bunda tukala samaki, tukaiacha barabara kuu ya Musoma, tukaingia ile ya Nyamuswa. Wakati huo ilikuwa vumbi tupu.

Tulipoiacha Nyamuswa nyuma tukasikia kitu kinapiga chini ya boneti, "pwaa!", halafu taa nyekundu ya betri ikawaka kwenye dashibodi. Mchumba akasema, "Betri tu hiyo, tutaiangalia tukifika." Mimi nikanyamaza. Kilomita kama mbili mbele AC ikaanza kutupulizia hewa ya moto, alama ya joto ikawaka, mvuke ukatoka. Gari likasimama porini, saa saba na nusu mchana, nusu saa kabla ya kutambulishwa.

Kilichofuata mnakijua wenyewe. "Si nilikuambia?" "Uliniambia lini?" "Wewe si ndiye uliyesema baridi!" "Na wewe si ulikuwa unacheka?" Mshenga akafumba macho akajifanya amelala.

Tulimtuma kijana wa bodaboda hadi Bunda mjini akanunue mkanda. Akarudi nao, mfupi. Akaenda tena. Mkanda wenyewe ulikuwa shilingi 25,000, bodaboda wa mizunguko miwili akala 40,000. Tuliingia nyumbani saa tatu na nusu usiku, vumbi hadi kwenye kope. Wazee walishakwenda kulala, nyama imepoa.

Asubuhi yake baba yangu mdogo, aliyeendesha malori miaka mingi kabla ya kurudi kulima, alimwita mchumba wangu. "Mkwe, njoo na huyo mwenzako tuliangalie hilo gari." Tukasimama wote wawili mbele ya boneti kama wanafunzi. Mengi ninayowaandikia hapa nilianza kuyasikia asubuhi ile, mengine nimeyapata kwa mafundi wa Mwanza tangu hapo.

Huo mkanda ni upi hasa?

Mafundi wetu wanauita fen-belti au mkanda wa feni. Jina limetoka kwenye magari ya zamani ambayo mkanda huo ndio uliozungusha feni ya rejeta. Kwenye magari mengi madogo ya leo feni inaendeshwa na umeme, lakini jina limebaki.

Kazi yake ni kuchukua mzunguko kutoka puli kubwa ya chini ya injini na kuugawa kwa vifaa vingine. Cha kwanza ni alteneta, inayochaji betri. Cha pili ni kompresa ya AC. Cha tatu, kwenye magari yenye pawa stelingi ya mafuta, ni pampu ya usukani. Na kwenye injini nyingi, ikiwemo ya IST yetu, mkanda huohuo unazungusha wota pampu, ile inayosukuma maji ya kupoza injini.

Hapo ndipo mtaelewa kwa nini ile taa "ya betri tu" ilikuwa inatudanganya. Betri ilikuwa na chaji. Taa ilikuwa inasema alteneta haizunguki, na alteneta haizunguki kwa sababu mkanda haupo, na kama mkanda haupo basi maji nayo yamesimama. Ukiendelea kukanyaga mafuta, injini inajipika. Gasketi inaungua, silinda hedi inapinda, na hapo unaongelea pesa ambayo ingelipia ukumbi wa sendofu. Sisi tulipona kwa bahati. Zile kilomita mbili zingekuwa tano, sidhani kama gari lile lingeiona Mugeta kwa magurudumu yake.

Msiuchanganye na taiming belti

Hawa ni ndugu wawili wasiofanana. Mkanda wa feni uko nje, ukifungua boneti unauona. Taiming belti iko ndani ya kifuniko, ina meno, na kazi yake ni kuhakikisha valvu zinafunguka na kufunga kwa wakati. Ikikatika, gari linazima palepale, na kwenye baadhi ya injini pistoni zinagonga valvu na kuzipinda.

Si kila gari lina taiming belti. IST na Vitz nyingi za injini ya familia ya NZ zinatumia cheni. RAV4 za miaka ya 1990, Noah za zamani zenye injini ya 3S na Mark II GX100 zinatumia mkanda. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ nayo ina mkanda. Muda wa kuubadilisha unategemea injini, mara nyingi ni kati ya kilomita 90,000 na 150,000. Kama umenunua gari lililotumika Japani na hakuna karatasi inayoonyesha lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Hii kazi mwachieni fundi mzoefu. Mkanda wa feni, huo mnaweza kuukagua wenyewe na hata kuubadilisha.

Unavyoomba msaada

Mkanda mara nyingi haukatiki ghafla. Unatoa taarifa kwanza, tena mara nyingi. Sikilizeni na muangalie haya:

• Ukelele mwembamba asubuhi, au ukiwasha AC, au ukikata kona huku usukani umezungushwa hadi mwisho. Mkanda unateleza kwa sababu umelegea, umechakaa au umelowa.

• Mlio wa "tri-tri-tri" kama wa nyenje. Mara nyingi puli moja haiko kwenye mstari na zenzake.

• Taa za mbele kufifia gari likiwa limesimama, zikapata nguvu ukikanyaga mafuta.

• Usukani kuwa mzito ghafla, kwa magari yenye pawa stelingi ya mafuta.

• Harufu ya mpira unaoungua, au nyuzi nyeusi na vumbi jeusi pembeni ya puli.

Na ile sabuni ya mche? Baba mdogo alicheka hadi akakaa chini. Sabuni inanyamazisha kelele siku moja au mbili, lakini tatizo liko palepale, na mkanda unazidi kuteleza mkiwa hamsikii. Dawa za kupuliza wanazouza madukani nazo ni hadithi ileile. Mkanda unaolia unataka kukazwa, kunyooshewa puli au kubadilishwa. Kupakwa kitu hauhitaji.

Dakika kumi na tano za Jumamosi

Zimeni gari, chomoeni ufunguo, subirini injini ipoe. Mwenye mtandio aufunge, mwenye tai aitoe, nywele ndefu zibanwe, kanga isining'inie. Mkanda unaozunguka hauna huruma na kitambaa. Mmoja ashike tochi, mwingine aangalie.

Angalieni kwanza upande wa ndani, wenye mifereji. Mikanda ya zamani ya neoprini inapozeeka inapasuka, na kanuni ya mafundi ni rahisi: ukikuta mipasuko mitatu au zaidi kwenye ubavu mmoja ndani ya urefu wa vidole vinne, badilisha. Lakini msidanganyike na mkanda usio na mipasuko. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 viwanda vingi vilihamia kwenye mpira wa EPDM, ambao hata ukizeeka haupasuki upesi. Wenyewe unalika taratibu kama soli ya kiatu. Mifereji inazidi kuwa mipana na yenye kina, mkanda unakalia chini ya puli badala ya kubana kwenye mbavu, unaanza kuteleza. Wekeni kipande cha mkanda mpya pembeni ya wa zamani, tofauti mtaiona kwa macho.

Angalieni pia kingo zilizochanika, nyuzi zinazotokeza, ubavu uliomeguka, na sehemu zinazong'aa kama kioo. Mkikuta mkanda umelowa oili, kubadilisha peke yake hakutoshi. Tafuteni oili inatoka wapi, la sivyo mpya nao utakufa mapema.

Kisha jaribuni mkazo. Katikati ya puli mbili zilizo mbali zaidi, bonyezeni mkanda kwa dole gumba kwa nguvu ya kawaida. Kwenye magari mengi madogo unatakiwa ushuke kama milimita 10 hivi. Ukizama sana, umelegea. Usiposhuka kabisa, umekazwa kupita kiasi, na huo nao ni ugonjwa, maana unakula beringi za alteneta na wota pampu. Magari mengine yana tensheni ya springi inayojikaza yenyewe. Hapo angalieni kama tensheni haitikisiki na haijafika mwisho wa alama zake.

Kama mkanda unalia na hamjui kisa, kuna jaribio la maji. Gari likiwa linaunguruma taratibu, mnyunyizie maji kidogo upande wenye mifereji kwa chupa ya kupulizia, mkono ukiwa mbali. Kelele ikizidi, mkanda umelegea. Ikinyamaza kisha ikarudi, puli haijanyooka.

Sisi wa barabara za vumbi tukague mara nyingi zaidi ya wa lami. Mchanga unaingia kwenye mifereji na kuisugua kama msasa.

Kununua: soma namba

Kosa lililomrudisha bodaboda wetu Bunda mara ya pili ni kwamba tulimtuma kwa jina la gari tu. Mgongoni mwa mkanda kuna maandishi, mfano 4PK1230. Maana yake ni kwamba mkanda una mbavu 4, aina yake ni PK inayotumika kwenye magari madogo mengi, na urefu wake ni milimita 1,230. Gari la jina moja linaweza kuwa na injini tofauti, au moja lina AC na jingine halina, na mikanda yake ikatofautiana. Kwa hiyo piga picha namba hiyo leo, kabla haijafutika, itunze kwenye simu zote mbili. Ukifika dukani pima mkanda mpya na wa zamani sambamba, ukikumbuka kwamba uliochakaa unaweza kuwa umetanuka kidogo.

Na feki zipo nyingi. Nunua kwa muuzaji mnayefahamiana, omba risiti, angalia kama maandishi yamechapwa vizuri. Mkanda ndicho kifaa cha bei ndogo kinachobeba vifaa vya bei kubwa. Hapo usibane matumizi.

Kubadilisha

1. Pigeni picha njia ya mkanda kabla hamjagusa kitu. Ukishatoka, kila mtu anakumbuka njia yake, na ugomvi unaanza.

2. Toeni waya wa hasi wa betri, maana spana zinafanya kazi jirani na alteneta.

3. Kwa gari linalokazwa kwa alteneta, legezeni nati inayoishikilia na ile ya kufungia, kisha fungueni boliti ya kurekebisha hadi alteneta isogee. Toyota nyingi ndogo zinataka spana namba 12 na 14. Kwa gari la tensheni ya springi, geuzeni tensheni kwa spana, mkanda ulegee, mmoja ashikilie na mwingine autoe.

4. Kabla ya kufunga mpya, zungusheni kila puli kwa mkono. Inayokwaruza, inayotikisika au inayolia ina beringi mbovu. Mkanda mpya kwenye puli mbovu ni hasara ya wiki mbili.

5. Futeni mifereji ya puli. Vaeni mkanda mpya kwa kufuata picha, mhakikishe kila ubavu umekaa kwenye mfereji wake. Ukikosea mfereji mmoja, mkanda unachanika siku hiyohiyo.

6. Kazeni hadi ule mkazo wa dole gumba, fungeni nati zote, rudisheni waya wa betri. Washeni gari dakika tano, zimeni, kagueni tena. Mkanda mpya unalegea kidogo mwanzoni, kwa hiyo angalieni mkazo tena baada ya wiki moja mbili za kutembea.

Mkanda wa zamani ukiwa bado mzima msiutupe. Uwekeni kwenye buti pamoja na spana mbili. Siku ya siku mtauita lulu.

Ukikatika njiani

Taa ya betri ikiwaka mkiwa mwendoni, zimeni AC, tafuteni pa kusimama salama, zimeni injini. Msiseme "tufike tu pale mbele". Fungueni boneti mwone kama mkanda upo. Msifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, maji yanaruka na kuunguza uso.

Kama mkanda haupo na wota pampu inategemea mkanda huo, gari halisogei. Kama injini yenu inazungusha wota pampu kwa taiming belti, mnaweza kusogea mwendo mfupi mchana kwa nguvu ya betri, bila AC wala redio, macho kwenye geji ya joto. Mtaambiwa mfunge soksi ndefu ya kike au kipande cha tyubu. Kwenye mikanda ya zamani ya umbo la V watu wamewahi kusogea hivyo taratibu. Kwenye mkanda mpana wa mifereji mtapoteza soksi na muda.

Swali la baba

Turudi Mugeta. Asubuhi ileile, baada ya darasa la boneti, wazee walikusanyika upya. Mchumba wangu akapiga shikamoo mstari mzima, akaomba radhi kwa kuchelewa, akaeleza habari za mkanda. Baba yangu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Gari lilianza lini kulia?"

"Wiki tatu zilizopita, baba."

Akanigeukia mimi. "Na wewe mama, ulikuwa unalisikia?"

"Nilikuwa nalisikia, baba."

"Haya. Hapo mmekosa wote wawili. Tuendelee na shughuli."

Basi. Hakurudia tena maneno hayo, wala siku ya mahari wala siku ya harusi. Lakini mimi yalinikaa. Njia nzima nilikuwa nimehesabu kosa ni la mwenzangu, gari lake, fundi wake, redio yake. Kumbe kiti cha mbele tulikaa wawili.

Tangu hapo kwetu kuna Jumamosi ya boneti, ya kwanza ya kila mwezi. Mmoja anashika tochi, mwingine anaangalia, na kwa kuwa hamna pa kukimbilia mkiwa mmeinama kwenye injini, yanazungumzwa na mengine. Mwaka wa pili wa ndoa, mkono wake ukiwa umeshika mkanda, mume wangu aliniambia kwamba amechukua mkopo SACCOS kumsaidia mdogo wake, miezi minne nyuma, na makato yanamshinda. Nilikasirika, siwezi kuwadanganya. Lakini nilikuwa nimeshaona kwamba mshahara haufiki mwisho wa mwezi, nikawa sijauliza. Tulifunga boneti, tukaingia ndani, tukachukua kalamu na karatasi. Ilituchukua mwaka mmoja kulimaliza deni lile, bila kuuza kitu na bila mtu kurudi kwao.

Kwa hiyo wapenzi, Jumamosi hii kabla ya kutoka mtoko, chukueni tochi mshuke wote wawili. Kama gari halilii, mtakuwa mmepoteza dakika kumi na tano. Kama linalia, zimeni redio kwanza.